Mikutano Yangu Hufuata Mbalamwezi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nawajibu kwamba kazi yangu ni kuhakikisha viti vinafika kabla ya makalio. Wanacheka, na mimi nacheka kuliko wao, lakini sijawadanganya. Kwenye mlango wa chumba changu pale ofisini pameandikwa Mratibu wa Shughuli, na shughuli zenyewe ni hizi: mafuta ya pikipiki, ukumbi, chai na vitafunwa, turubai, jenereta linalokohoa kama babu mvuta kiko, boti ya kukodi kwenda vijiji visivyofikiwa na barabara, na mwezeshaji aliyetoka mbali akasahau chaja yake na sasa anataka niizae. Shirika letu ni dogo. Tunafanya kazi na vikundi vya wanawake, kuanzia wakulima wa kahawa kule juu Kalinzi mpaka waanika dagaa huku chini ziwani. Wataalamu hupanga mambo mazuri kwenye kompyuta, halafu mimi ndiye ninayeyavalisha viatu yatembee.

Sikuanzia kwenye cheo hicho. Mimi niliingia shirika kwa mlango wa jikoni, kupika chai. Chai yangu ilikuwa kali kiasi kwamba mhasibu akinywa kikombe kimoja asubuhi aliweza kufunga hesabu za mwaka mzima kabla ya adhuhuri. Na kila aliyekwama alikuja jikoni. Ufunguo wa stoo uko wapi, fundi wa jenereta anakaa mtaa gani, nani anakodisha viti visivyochana nguo za watu, boti ipi ina nahodha asiyelewa. Nikawa najibu huku nakoroga sukari. Siku moja nikajisemea, kama kitu pekee nisichokuwa nacho hapa ni cheti, basi nikakitafute hicho cheti nijue kina pembe gani.

Nikajiandikisha masomo ya jioni kwenye shule moja ya msingi Buzebazeba. Tulikalia madawati ya watoto wa darasa la kwanza. Mimi si mwanamke mdogo, na magoti yangu yalifika masikioni, kwa hiyo nusu ya masomo niliyasikia kupitia magoti. Umeme ukikatika mwalimu hakusimama, alichora pembetatu hewani kwa kidole na sisi tukainakili kwa imani. Hesabu nilifeli. Nikarudia, nikafeli kwa ustadi zaidi. Nikarudia tena, nikapita, na vigelegele nilivyopiga siku ile ya matokeo nina hakika vilivuka ziwa vikaamsha watu Kongo.

Baadaye nafasi ya mratibu ilipokuwa wazi, kuna waliosema cheo kile kinataka digrii. Nikawaambia digrii ije tu, nitaitafutia kiti. Ikachelewa kuja, nikapewa mimi.

Nayasimulia haya ili mjue kwamba kazi hii sikuiokota. Niliipenda, na naipenda bado, na ndiyo maana habari ya mkutano wa giza iliniweka mahali pabaya.

Kwa asiyejua pwani yetu, nieleze kidogo. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa. Wavuvi hutoka jioni na vipe, yaani mitumbwi iliyofungwa pamoja na wavu wake, wakifika kilindini wanawasha taa na dagaa wanakuja kwenye mwanga kama wageni wa harusi. Lakini mbalamwezi ikishika, ziwa lote linang'aa, taa ya mvuvi haina tena la kuwaambia dagaa. Basi watu wanapumzika. Wanashona nyavu, wanaoa, wanagombana, wanakwenda kusalimia wakwe. Mbalamwezi ikiondoka, giza linarudi, na kazi inarudi pamoja nalo. Huku kwetu mtu akikuahidi kitu hasemi tarehe, anasema, giza likiisha. Hata watoto wanajua ni lini mama ana muda wa kuwasuka nywele na lini hana.

Wakati wa giza mama anayeanika dagaa hana nafasi hata ya kuugua. Vipe vinaingia alfajiri, anapokea mzigo, anausuuza, anautandaza juu ya vichanja, anaugeuza jua linapopanda, anafukuza kunguru, anafukuza bata wa jirani, na jua likizama awe ameshafungasha. Akiondoka nusu siku, anarudi anakuta uvundo.

Kikundi chetu cha pale mwaloni, yaani ufukweni vipe vinaposhushia dagaa, upande wa Ujiji, kilikuwa na vichanja vizuri vya wavu wa waya tulivyowasaidia kujenga. Niliwabebea waya ule mwenyewe, ukanichana gauni mahali ambapo sitapaandika hapa. Vichanja viliwaondoa kwenye kuanika mchangani. Kilichobaki ni mvua. Wingu likitokea, dagaa aliyekauka nusu analowa, na dagaa aliyelowa mara ya pili hafai tena kuliwa na mtu. Ananunuliwa na wafuga kuku, tena kwa madaha. Kwa hiyo kina mama walikuwa wanaomba kitu kimoja tu, banda. Paa la bati juu ya nguzo, vichanja vikae chini yake, lisimame kabla ya masika. Wafadhili walikubali kulifikiria, kwa sharti kwamba kikundi kipate kwanza mafunzo na waonekane wana mwamko.

Mafunzo ya kwanza yakaangukia giza. Wakaja wachache, wengine wamesinzia kabla ya sala ya kufungulia. Ya pili yakaangukia giza vilevile. Ripoti ikaandika, mwitikio hafifu. Niliposoma maneno yale mawili nilitaka kuyachukua niyapeleke mwaloni alfajiri, yakabebe ndoo.

Ndipo likaja agizo la mara ya tatu. Mgeni kutoka kwa wafadhili anakuja mwenyewe kuwaona kina mama. Mkutano utafanyika ukumbini mjini Kigoma, asubuhi mpaka alasiri, na ukumbi ukiwa mtupu safari hii, banda litakwenda mkoa mwingine wenye watu wenye mwamko. Nikaangalia tarehe, nikahesabu kwa vidole, nikahesabu upya nikidhani vidole vimenisaliti. Ilikuwa katikati ya giza, pale pale kwenye kitovu chake.

Nikaenda kwa Mkurugenzi. Sasa hapa lazima niseme kitu juu ya Mkurugenzi wetu, kwa sababu ni rahisi kumdhania. Si mtu wa kuja. Ni mtoto wa Ujiji, amesoma mpaka masomo yakamkimbia, lakini mama yake mzazi alikuwa mwanika dagaa, mwalo ule ule. Nilimkuta anapanga karatasi zake. Nikamwambia tarehe ile ni giza.

"Najua," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba ndefu ya kumweleza, ikabaki mkononi kama mwavuli siku ya jua.

"Najua, dada. Mimi nimelelewa na harufu ile. Lakini wafadhili hawana giza kwenye kalenda yao. Nikiwaandikia kwamba kina mama hawaji kwa sababu kuna giza, watadhani tunaomba taa."

Nikamkumbusha Kalinzi. Kule msimu wa kuvuna kahawa hatuitishi mkutano hata wa dakika moja, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kahawa ina heshima yake. Au ni kwa sababu kahawa inanukia na dagaa ananuka? Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa jino. Akasema maneno ya kahawa yanaeleweka duniani kote, haya yetu ni marefu kueleza, naye ameshachoka kuonekana anatafuta visingizio. Niende mwaloni nikamwambie Mama Mwenyekiti wa kikundi, nikodi Hiace za kuwabeba, posho itakuwepo. Ni siku moja tu.

"Siku moja ya giza," nikasema.

"Ni agizo, dada."

Nikatoka. Nikapanda bodaboda kwenda mwaloni, na njia nzima nikawa nabishana naye kwa sauti, mpaka dereva akaniuliza kama nazungumza naye au na pikipiki.

Mama Mwenyekiti ni mtu mzima, familia yake ilivuka kutoka ng'ambo ya ziwa yeye akiwa tumboni, na tangu azaliwe hajawahi kukaa pasipo na mchanga miguuni. Nilimkuta anageuza dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akanionyesha kichanja cha pili ili nigeuze wakati naongea, kwa sababu pale hakuna mazungumzo ya mikono mitupu. Nikampa habari yote. Mgeni, ukumbi, tarehe, banda. Akageuza dagaa mpaka mwisho wa kichanja.

"Wewe unasema tuje?" akauliza.

"Mkurugenzi ndiye aliyesema, mama."

"Mkurugenzi sijamuuliza. Mtoto yule mimi nilimnyoa nywele. Nakuuliza wewe, mwanangu. Unasema tuje?"

Nikaelewa anachoniuliza. Maana nikisema njooni, watakuja. Wote. Huku kwetu mtu aliyekubebea waya mgongoni haachwi aaibike mbele ya mgeni. Wangekuja wamevaa vitenge vya sare, wamepaka mafuta, wangeimba wimbo wa kumkaribisha mgeni, wangejaza ukumbi mpaka madirishani, na nyuma yao dagaa wa siku nzima wangeoza juu ya vichanja nilivyowabebea mwenyewe. Wala wasingenilaumu. Wangeona wamefanya lililo sawa. Na ripoti ingeandika mwitikio mkubwa, na tangu hapo kila mkutano ungepangwa gizani, kwa sababu imeshaonekana wakiamua wanaweza.

"Msije," nikasema.

Akainua kichwa.

"Na banda letu?"

"Banda nitalipigania."

"Utalipigania vipi?"

"Bado sijui, mama."

Alicheka mpaka kunguru wakaruka. Akawaita wenzake, njooni mumsikie Mratibu, anakwenda vitani hajui hata adui anatokea wapi. Wakanitania mpaka nikaondoka, mmoja akisema nikifukuzwa kazi wana beseni la ziada, nitaanza kusuuza kesho yake, ila nipunguze kwanza mwili maana naziba jua.

Kazi nyingine zote nilizofanya juma lile nilizifanya kama kawaida. Ukumbi nikalipia. Viti nikavipanga safu kwa safu, vyeupe, vimenyooka kama meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Pilau ikapikwa ya watu wote, sufuria zenye ukubwa wa kuogea. Hiace tu ndizo sikukodi. Mkurugenzi aliponiuliza maandalizi yanakwendaje nikamjibu viti vipo, chakula kipo. Hakuuliza zaidi, na nadhani alijizuia kuuliza.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, mtaratibu, anavaa viatu vya chini, na ana tabia ya kukuangalia ukimaliza kusema kana kwamba bado hujamaliza. Akaingia ukumbini. Tukawa sisi watatu, mwezeshaji na mashine yake ya kurusha picha ukutani, na bahari ya viti vitupu. Feni ilizunguka ikipepea plastiki. Mkurugenzi akatazama saa, akatazama mlango, akaja karibu yangu akaniuliza kwa sauti ya chini watu wako wapi.

"Wako kazini," nikasema, na sauti yangu haijui kuwa ya chini.

"Uliwaambia waje?"

"Niliwaambia wasije."

Uso wake ulipitiwa na rangi zote za kitenge. Mgeni alikuwa amesikia, akageuka, akaniuliza kwa nini. Nikamwambia. Sikupumua. Nilimweleza giza na mbalamwezi, vipe na taa, kunguru na bata, nikamwambia mafunzo ya kwanza na ya pili yaliwakuta watu wamekesha, na kwamba waliosinzia wakati ule hawakukosa mwamko, ila mwamko ulikuwa umewaamsha tangu usiku wa manane. Nikamwambia leo wangekuja kama ningewaita, na ningekuwa nimemwibia kila mmoja wao siku yake ili mimi nionekane nafaa. Nilipofika hapo nikawa nimeishiwa pumzi, nikakaa kwenye kiti kimoja. Angalau kimoja kikapata kazi.

"Ni mbali?" mgeni akauliza.

"Si mbali. Pilau tunaweza kuibeba."

Mkurugenzi akasema ratiba inasema ukumbini. Alisema kwa upole, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Huko kuna kivuli?" mgeni akaniuliza.

"Hakuna. Ndiyo maana tunaomba banda."

Akachukua mkoba wake.

Tukapakia sufuria kwenye gari la ofisi, moja nikaikumbatia mapajani, moto wake ninao mpaka leo nikivuta kumbukumbu. Mkurugenzi alikaa mbele. Mimi nilikuwa nimeshajiachisha kazi kichwani, nimeshasuuza beseni la kwanza la dagaa, nimeshaanza kuzoea.

Mwaloni tuliwakuta wametawanyika kwenye vichanja vyao, vichwa vimefungwa vitambaa, mikono inakwenda. Vichanja vyote vilikuwa vimejaa, vinametameta, ungedhani mtu amemwaga sindano za dunia nzima. Kina mama wakamsalimia mgeni kwa kuinama, wakamwomba radhi kwamba hawawezi kumpa mkono wenye magamba. Yeye akatoa wake akaushika ule wenye magamba. Mama Mwenyekiti akampitisha kichanja hadi kichanja, anamweleza huku anageuza, na mgeni akaanza kugeuza pia, vibaya, anarusha dagaa chini, na mama mmoja nyuma yake anawaokota kimya kimya.

Na mimi niseme ukweli, mvua sikuipanga. Watu wananisifia mpaka leo kwamba niliipangia saa, na kwa kawaida sifa sizikatai, lakini hii siyo yangu. Upepo uligeuka tu. Ziwa likabadilika rangi, na kule mbali pakatokea ukuta wa kijivu unaotembea juu ya maji.

Hakuna aliyepiga kelele. Kina mama wakaanza kukusanya, basi. Wanakunja dagaa kuelekea katikati ya kichanja kwa vigasha vya mikono, wanazoa, wanatia kwenye mabeseni, wanakimbia kwenye turubai moja tuliyokuwa nayo, wanarudi. Mimi nikakimbia. Mwezeshaji akakimbia, mashine yake ikiwa bado begani. Mgeni akashika pembe ya turubai. Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu na gari, viatu vyake vinang'aa, suruali imenyooshwa, na uso wake sijui niueleze vipi, ulikuwa wa mtu anayesikia anaitwa na mtu wa zamani.

Mama Mwenyekiti akapita mbele yake na beseni kichwani.

"Na wewe unangoja kadi ya mwaliko?" akamwuliza.

Akavua viatu. Akaviacha pale pale mchangani na soksi ndani yake. Akaenda kwenye kichanja cha mwisho ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia, na nikaona mikono yake. Sisi wengine tulikuwa tunazoa, yeye alikuwa anakunja, vigasha viwili kwa pamoja, haraka, bila kuvunja hata kichwa cha dagaa mmoja, namna ile ile wanavyofanya wao. Mkono hausahau. Kina mama wakamwona, mmoja akaanza kucheka, na wote wakaanza kumtania kwa jina la mama yake, aisee mtoto wa fulani amerudi, nani aliyesema anajua kushika kalamu tu.

Mvua ikatufikia kabla hatujamaliza. Vichanja kadhaa vikalowa mbele ya macho yetu, na mama mwenye vichanja vile akasimama kando yao mikono kiunoni, akatazama, halafu akaenda kuwasaidia wengine. Hilo mgeni aliliona.

Tulijibanza sote chini ya turubai, tumeishikilia kwa mikono juu ya vichwa na juu ya mabeseni, tumelowa, pilau katikati yetu. Hapo ndipo Mkurugenzi aliposema, matone yanamchuruzika puani.

"Tarehe niliipendekeza mimi, ili iendane na robo yenu ya mwaka. Nilijua ni giza."

Mgeni akamtazama kwa ile tabia yake, akingoja amalizie.

"Hata zile mbili za kwanza nilijua. Niliona nikiandika habari za giza kwenye ripoti, nitaonekana nasingizia. Kwa hiyo nikaandika mwitikio hafifu."

Mvua ilipiga turubai. Mama Mwenyekiti akasema, bila ukali, kwamba mama yake angemchapa kofi moja la mkono wenye magamba, halafu angempa chakula. Kwa kuwa kofi halipo, ale. Akamtilia pilau kwenye mfuniko wa sufuria, kwa sababu sahani, nakiri, nilizisahau ukumbini. Sote tulikula kwenye mifuniko na mabeseni. Mgeni alikula akaongezwa. Hakuahidi kitu. Alipanda gari amelowa chapachapa, akanipa mkono, akaniuliza mbalamwezi itashika lini, nikamwambia, akatingisha kichwa kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Siku iliyofuata ikatua barua ya onyo juu ya meza yangu. Kukaidi maelekezo halali ya mkuu wa kazi. Mkurugenzi aliileta mwenyewe, akasimama mlangoni. Akasema onyo lilikuwa lazima, asipoandika yeye makao makuu wataandika wao, na wao hawana huruma ya lugha. Nikaisoma mbele yake mara mbili. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana, nikampongeza. Nikamwambia barua naipokea, ila majuto haikunikuta nayo, na giza lijalo akinipa agizo lile lile atafute kabisa karatasi nyingine.

"Nimeshaandika nyingine," akasema. "Kwa wafadhili. Kurasa tatu. Giza lote nimelieleza."

Nikamwuliza kama anataka chai. Akanywa vikombe viwili.

Mafunzo yakafanyika mbalamwezi iliposhika, si ukumbini, pale pale mwaloni, wakati wa mchana, mwalo umetulia na nyavu zimetundikwa. Wakaja kina mama wa kikundi, wakaja na dada zao, wakaja na wakwe zao, wakaja na wanawake wa mwalo wa jirani ambao hatukuwaalika, kila mmoja na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Wamelala, wamekula, wamesukana. Waliuliza maswali mpaka mwezeshaji akaomba maji. Na mimi, baada ya miaka yote ya kujisifu, nilishindwa kazi yangu mbele ya macho ya watu, kwa sababu siku ile makalio yalifika kabla ya viti. Watu walikaa juu ya mitumbwi, juu ya mabeseni, juu ya kila kitu. Mama Mwenyekiti hakuacha kunisema.

Banda lilisimama masika yakiwa yanabisha hodi. Bati la mwisho lilipigiliwa manyunyu yakianza, fundi yuko juu anaomba ashuke, kina mama wako chini wanamwambia amalize kwanza msumari. Nilikuwepo siku ya mvua kubwa ya kwanza. Chini ya bati huwezi kusikia mtu anasema nini, ni ngoma tupu, na kina mama waliendelea kugeuza dagaa taratibu, bila haraka, bila hata kutazama nje. Yule mama ambaye vichanja vyake vililowa siku ile ndiye aliyekuwa ananiita. Sikumsikia. Alikuwa ananionyesha kwa kidole kichanja cha pili, nigeuze.

Sasa mpango kazi wa mwaka ninaandaa mimi. Kalinzi, kahawa ikivunwa, sina mkutano. Mwaloni sina mkutano ila mbalamwezi ikishika. Mwaka huu makao makuu waliurudisha, wakauliza kwa nini mafunzo ya dagaa yana tarehe zinazorukaruka, haziendani na robo za mwaka, na kama naweza kuzipanga upya. Barua ya onyo ya kwanza bado iko kwenye faili langu, nafasi ya kuongeza ya pili ipo, faili ni kubwa. Nikaurudisha vile vile, sijagusa hata nukta, na Mkurugenzi akatia sahihi chini yangu. Anayetaka kuzibadilisha tarehe zile aende kwanza akaiwashe mbalamwezi, halafu aniambie, nipeleke viti.